Dondoo muhimu: Jua halitakutangazia biashara

Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi huleta joto kali Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar. Muuza juisi huamini jua litamletea wateja. Ukweli ni kwamba jua huleta kiu tu, na mwenye kiu hupita vibanda kadhaa kabla ya kusimama. Kwa hiyo jitangaze tangu Novemba: andika bei ubaoni, weka picha za bidhaa WhatsApp, na nunua mzigo kabla wengine hawajaukimbilia. Tena, msimu mmoja una mifuko tofauti ya wateja. Desemba ni ya wageni na sikukuu, basi uza madumu ya familia. Januari shule hufunguliwa na mahitaji ya watoto hubana, basi uza vipimo vidogo. Ramadhani nayo husogea nyuma takribani siku 11 kila mwaka. Ikiangukia kaskazi, hamishia nguvu kwenye juisi za futari.

Wapo watakaosema punguzo la bei ndilo tangazo bora. Lakini kupunguza bei wakati bidhaa inatafutwa ni kula faida yako mwenyewe. Punguzo lisubiri mwishoni mwa Machi, masika yanapobisha hodi na mzigo haujaisha. Wengine watasema hawana fedha za matangazo. Barafu isiyokatika, glasi safi na daftari la namba za wateja havihitaji bajeti kubwa. Fungua daftari hilo leo, kabla joto halijapanda.