Umoja wa bandari: Mkazi wa Temeke ananufaika na nini?

Wakazi wengi wa Temeke wanaiona bandari kila siku bila kuingia ndani. Wanaona malori yanayotoka Kurasini kushika Barabara ya Mandela, wanasikia vijana wao wamepata kibarua au wamekikosa, na wanalipa gharama zake dukani kupitia bei ya mchele, mafuta ya kula na nguo za mtumba. Lakini ukiwauliza bandari hii imeungana na nani na kwa faida gani, ni wachache watakaokujibu. Katika makala hii tutajaribu kulieleza jambo hilo, kwa sababu linagusa mfuko wa kila mmoja wetu.

Upo Umoja wa Bandari za Mashariki na Kusini mwa Afrika, unaojulikana kwa kifupi kama PMAESA. Ulianzishwa mwaka 1973 mjini Mombasa chini ya Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika, na makao yake yako huko huko Mombasa. Wanachama wake ni mamlaka za bandari, wizara na wadau wengine wa usafiri wa majini. Tanzania Bara imo kupitia Mamlaka ya Bandari (TPA), nayo Zanzibar imo kupitia Shirika lake la Bandari. Maana yake ni kwamba bandari ndogo kama ya Malindi, Unguja, ina kiti katika kikao kile kile wanachokaa wakubwa wa Mombasa na Durban.

Msomaji makini atauliza: Dar es Salaam na Mombasa wanagombea mzigo wa Uganda, Rwanda na Kongo. Inakuwaje washindani wakae pamoja? Swali hili ni la msingi, na jibu lake linaanzia kwenye historia.

Kabla ya mwaka 1977, bandari za Kenya na Tanzania zilikuwa chini ya shirika moja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambalo makao yake yalikuwa hapa Dar es Salaam. Jumuiya ilipovunjika mwaka huo, shirika nalo likafa na kila nchi ikachukua chake. Lakini ule umoja ulioundwa mwaka 1973 haukufa. Kwa nini? Kwa maoni yetu, ni kwa sababu katika shirika la Jumuiya mali zilikuwa zimechanganywa, na palipotokea ugomvi wa kisiasa na wa fedha, vyote vikaanguka pamoja. Katika umoja wa hiari kila mmoja hubaki na mali yake, wakashirikiana katika yale tu ambayo mmoja peke yake hayawezi.

Na yapo mengi ambayo mmoja peke yake hayawezi. Chukua usalama. Tarehe 18 Julai 2012, boti ya MV Skagit iliondoka Dar es Salaam kuelekea Unguja ikazama karibu na Chumbe, na familia nyingi za pande zote mbili zikapoteza ndugu. Chombo kile kilitoka katika bandari ya mamlaka moja kikielekea bandari ya shirika jingine. Usalama wa vyombo nao ulikuwa na wasimamizi wawili, mmoja wa Bara na mwingine wa Zanzibar. Bahari haijui mpaka. Chombo kibovu kikikataliwa bandari moja na bandari ya jirani ikakipokea bila swali, ukaguzi wa yule wa kwanza umekuwa kazi bure.

Ndiyo maana nchi za Bahari ya Hindi zilitia saini mwaka 1998 makubaliano ya kukagua meli za kigeni kwa vigezo vya pamoja na kupeana taarifa. Ndiyo maana pia, maharamia wa Somalia walipozidi, nchi za ukanda huu zilikutana Djibouti mwezi Januari 2009 na kuafikiana kupashana habari. Dar es Salaam ikawa moja ya vituo vitatu vya kazi hiyo, pamoja na Mombasa na Sana'a.

Lipo jambo la pili ambalo halizungumzwi sana, nalo ni mikataba. Mwezi Oktoba 2023 Serikali ilitia saini mikataba na kampuni ya DP World ya Dubai kuendesha sehemu ya Bandari ya Dar es Salaam kwa miaka 30. Mwaka huo huo kampuni ya AGL ilikabidhiwa uendeshaji wa bandari ya Malindi. Hatutaki kurudia hapa mabishano yaliyoitikisa nchi wakati ule. Tunachosema ni kwamba kampuni hizi ziko katika bandari nyingi. DP World, kwa mfano, iko Maputo na iko Berbera. Inajua imekubaliana nini na kila mwenyeji wake. Je, kila mwenyeji anajua mwenzake amepata nini?

Mfanyabiashara wa Tandika analielewa hili vizuri. Mnunuzi anayejua bei ya masoko yote akikutana na muuzaji anayejua bei ya meza yake tu, nani atapunjwa? Hapo ndipo umoja wa bandari unapokuwa na thamani. Kiti cha Zanzibar, au sauti ya Tanga na Mtwara kupitia TPA, kina maana kama watu wake wanarudi nyumbani wakijua wenzao wanatoza nini, wanapakua kontena kwa muda gani na wamewabana vipi wawekezaji.

Hata hivyo, tusijidanganye. Umoja wa hiari hauna amri juu ya mwanachama. Nguvu iliyouwezesha kudumu ndiyo pia udhaifu wake: mjumbe anaweza kwenda kikaoni, akasikiliza mada, akarudi na mkoba wa karatasi na mambo yakabaki yale yale. Kwa hiyo kazi ya kuudai matunda ni yetu sisi wananchi.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mamlaka zetu zitangaze kila mwaka, kwa Kiswahili, jedwali linalolinganisha tozo na muda wa kutoa mzigo Dar es Salaam, Tanga, Mtwara, Zanzibar na Mombasa. Pili, Chuo cha Bandari kilichopo Temeke kitumike kupokea ujuzi unaopatikana kwa wenzetu, na vijana wa wilaya hii wapate nafasi ya kuusomea. Tatu, vyombo vidogo vinavyotumia Mbweni na Kunduchi, Kinondoni, visiishie kuitwa vya bandari bubu na kufukuzwa. Vipatiwe utaratibu, maboya na ukaguzi, maana navyo vinabeba roho za watu.

Wabunge na madiwani wa maeneo haya wanapita kuomba kura kila baada ya miaka mitano. Mkazi wa Kurasini, Mtoni au Mbweni ana haki ya kuwauliza: katika vikao vya bandari mlivyohudhuria, mmetuletea nini?