Somo la Jiwe Moja: Ardhi, Wazee wa Mukuba na Soko



Siku moja waliniletea mtoto wa Kasungami, jicho jekundu, machozi yanamtiririka. Alikuwa anajitayarisha kwa mtihani. Alichukua jiwe la kijani la baba yake, akalipiga nyundo nyuma ya nyumba ili aone ndani mna nini. Kipande kikaruka. Kwa bahati jicho limepona. Mtoto hakukosa kwa kutaka kujua. Tumekosa sisi wakubwa ambao hatukumfundisha. Basi tulisome jiwe hilo pamoja.

1. Ardhi

Jiwe la kijani ni malakiti, lenye shaba. Jiwe jeusi mara nyingi ni heterojeniti, lenye kobalti. Miamba ya Katanga yenye shaba ilianza kama matope na mchanga katika maji ya kale, zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita. Baadaye maji ya mvua yaliingia katika miamba iliyo karibu na uso wa nchi, yakageuza madini yake yakawa ya kijani. Lakini kumbuka: pamoja na shaba mna kwarzi, na vumbi la kwarzi ni adui wa mapafu.

2. Wazee wetu

Huko Naviundu, Lubumbashi, watu waliyeyusha mukuba tangu karne ya 4. Wayeyushaji wa baadaye walifanya kazi wakati wa kiangazi, baada ya mavuno. Walipiga kambi karibu na mto, wakaosha mawe, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu. Shaba huyeyuka kwenye joto la digrii 1085. Hebu fikiri walivyovukuta!

3. Soko

Katika makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta misalaba ya shaba. Kadiri karne zilivyopita, misalaba ilikuwa midogo na yenye kulingana, hata ikatumika kama fedha. Hapo tunapata fundisho: mnunuzi hutaka kitu kinachojulikana kipimo chake. Hata leo bei ya jiwe hufuata kiasi cha madini kilichomo, gharama ya kulisafirisha, na haja ya wanunuzi. Kobalti inatafutwa sana kwa ajili ya betri. Lakini hakuna soko linalouza mapafu mapya.

4. Afya

Vumbi la kwarzi linaloingia ndani kabisa ya mapafu halionekani kwa macho. Baada ya miaka mingi mtu anakosa pumzi, na kifua kikuu humpata kwa urahisi. Ugonjwa huo huitwa silikosi. Hakuna dawa ya kuuponya. Kwa hiyo:

– Usiponde wala kupepeta jiwe nyumbani.
– Kazini, lowesha jiwe kabla ya kulivunja. Vaa miwani na maski ya kazi. Kitambaa tu hakizuii vumbi jembamba.
– Acha nguo za kazi kazini. Ukilazimika kuzileta, zilowekwe kwanza, mama asizikung'ute.
– Nawa mikono kabla ya kula na kabla ya kumbeba mtoto.
– Kipande kikiingia jichoni, usisugue. Njoo dispanseri upesi.

Maswali ya jioni

Baba, waulize watoto: Kwa nini malakiti ni ya kijani? Misalaba ya Sanga ilifanya kazi gani? Kisha nao wakuulize: Baba, nguo zako umeziacha wapi?