Nondo Mdogo wa Nafaka, na Maisha Yake Ndani ya Punje

Wasomaji wetu wengi hulijua jambo hili. Mahindi yamevunwa, yamekauka, yametiwa ghalani, na mlango umefungwa. Miezi miwili mitatu hupita. Siku moja mama wa nyumba huingia kuchukua chakula cha jioni, na mara agusapo mahindi, vipepeo vidogo vyenye rangi ya majani makavu huruka usoni pake kama makapi yanayopeperushwa na upepo. Hutazama mlango, hauna ufa. Hutazama ukuta, mzima. Ndipo watu husema kwamba mahindi yamezaa wadudu yenyewe.

Mahindi hayazai wadudu. Kila mdudu ametoka katika yai, na yai hilo limetagwa na mama yake. Basi swali ni hili: mama huyo aliingia lini, na kwa njia gani? Jawabu lake lamhusu kila mtu awekaye akiba ya chakula, kwa maana mara nyingi mama huyo hakuingia ghalani kabisa. Alikwenda shambani wakati mahindi yalipokuwa bado yamesimama, akataga mayai yake huko, akafa. Mwenye shamba ndiye aliyewachukua watoto wa nondo ndani ya kikapu pamoja na mavuno yake, akawafikisha nyumbani kwa mikono yake mwenyewe.

Mdudu huyu ni nondo wa nafaka, na jina lake kwa wataalamu ni Sitotroga cerealella. Hushambulia mahindi, mtama, ngano, shayiri, mpunga na uwele, naye yuko karibu katika kila nchi yenye joto, na katika nchi nyingi zenye baridi ya kadiri.

Na tumshike mmoja tumtazame vizuri, hasa wale wenye kioo cha kukuzia. Akikunja mabawa yake hazidi urefu wa punje ya mchele. Akiyakunjua, toka ncha ya bawa moja hata ncha ya la pili ni milimita 10 hadi 18 hivi, yaani yapata nusu inchi. Ukimshika kwa vidole, vidole hubaki na unga wa kung'aa. Unga huo ni magamba madogo sana yaliyopangwa juu ya bawa kama makuti juu ya paa, na kila nondo na kila kipepeo anayo. Mabawa ya mbele yana rangi ya majani makavu au ya mchanga, na pengine kuna doa dogo jeusi karibu na ncha. Mabawa ya nyuma ni ya kijivu, nayo ndiyo alama yake ya hakika: bawa hupungua ghafula karibu na mwisho likawa na ncha mfano wa kidole, na ukingoni mwake mna nywele ndefu kupita hata upana wa bawa lenyewe. Mwalimu akiwaonyesha wanafunzi ncha hiyo, hawatamchanganya tena na nondo wengine wa ghalani.

Kichwani ana macho mawili meusi na papasi mbili nyembamba kama uzi, ambazo kwazo hunusa. Mbele ya uso zimesimama pembe mbili laini, zimepinda kwenda juu na kuchongoka kama pembe za mbuzi mdogo. Kifuani ana miguu sita, kama wadudu wote, na mabawa manne. Lakini mtu akitafuta meno au taya za kutafunia hatayaona. Nondo mwenyewe hawezi kutafuna punje hata moja. Maisha yake ya kuruka ni mafupi, siku tano hata kumi na mbili hivi, na kazi yake katika siku hizo ni moja tu, kutafutana na kuzaa. Jike hutoa harufu ambayo sisi hatuisikii, na dume huifuata gizani mpaka akamwona. Kwa hiyo mtu anayewapiga vipepeo kwa kitambaa ghalani hakosi faida, maana huenda akamuua jike asiyetaga bado. Lakini na ajue kwamba madhara anayoyaona yamekwisha kutendwa na mwingine.

Huyo mwingine ni kiwavi. Jike hutaga mayai mengi, pengine 40, pengine hata 200, moja moja au machache pamoja, juu ya punje au katika nafasi iliyo kati ya punje na punje. Yai ni dogo, kama nusu ya milimita. Likitagwa huwa jeupe, baadaye hugeuka kuwa jekundu jekundu. Baada ya siku chache hutoka kiwavi mwembamba ambaye jicho tupu humwona kwa shida. Huyo hutambaa akitafuta mahali pa kuingilia. Akipata, husokota nyuzi kidogo za hariri apate kujikaza, kisha hutoboa ngozi ya punje na kuingia. Tundu la kuingilia ni dogo sana hata halionekani. Toka siku ile punje ni nyumba yake, ni chakula chake, ni ngome yake.

Humo ndani hula na kukua, na kujivua ngozi mara kwa mara. Ni mweupe, kichwa chake ni cha rangi ya kahawia, na miguu ya tumboni, ambayo viwavi wa majani huitumia kushikia, kwake imekuwa vijipu tu, kwa sababu mwenye kuishi chumbani maisha yake yote hana safari. Akikomaa hupata urefu wa milimita 5 hivi. Katika punje ya ngano hukaa mmoja peke yake, naye huweza kumaliza hata nusu ya uzito wake. Katika punje ya mahindi, kwa kuwa ni kubwa, huweza kukaa wawili au watatu.

Kabla ya kulala hali ya pupa, kiwavi hufanya kazi ambayo hatuachi kuistaajabia. Anajua, tukiruhusiwa kusema hivyo, kwamba atakapotoka atakuwa nondo asiye na meno, na ya kuwa mlango usipotengenezwa sasa atafia ndani. Basi huchimba njia mpaka chini ya ngozi ya punje, na hapo huacha. Huibakiza ngozi peke yake, nyembamba kama karatasi, katika umbo la duara. Kisha hurudi ndani, husokota kifukofuko cha hariri, na kulala. Nondo akiwa tayari husukuma dirisha lile kwa kichwa, kifuniko kikafunguka, akatoka. Kwenye joto la kutosha, toka yai hata nondo ni majuma matano hivi. Palipo na baridi huchukua muda mrefu zaidi.

Dirisha hilo ndilo tunalotaka kila mwenye ghala alijue. Chukua konzi ya mahindi, uyatazame juani. Ukiona duara ndogo yenye kung'aa, kama doa la mafuta juu ya karatasi, kiwavi yumo bado, au pupa amelala. Ukiona tundu la duara lililo safi, pengine na kifuniko kikining'inia ukingoni, nondo amekwisha kutoka. Fukusi hufanya tundu lisilo na umbo zuri, naye mwenyewe utamwona, mweusi, mwenye mdomo mrefu. Dumuzi mkubwa, yule aliyeingia Tanzania kutoka Amerika na kujulikana kwanza katika nchi ya Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, huacha unga mwingi. Nondo haachi unga wa kumshitaki. Hiyo ndiyo hila yake: ghala laonekana limejaa, punje zaonekana nzima, na ndani yake ni mapango.

Hasara hiyo huonekana waziwazi zaidi katika mbegu. Mtu huchagua mahindi mazuri, huyatundika mpaka msimu ujao, na mvua inaponyesha hupanda mashimo mia yakaota arobaini. Hulaumu mvua, hulaumu ndege, pengine humlaumu jirani. Punje iliyoliwa kiini chake haioti, hata ikiwa ngozi yake haina kovu. Afadhali kuzijaribu mbegu mapema kwa kuchukua konzi moja na kuitia ndani ya maji: zenye mapango nyingi zitaelea. Ikiwa zinazoelea ni nyingi, tafuta mbegu nyingine kabla ya siku ya kupanda.

Walimu waweza kuifanya hesabu hii ubaoni. Tuseme jike mmoja ametaga mayai 100, na katika hayo wamepona 20 tu, nusu yao wakiwa majike. Kizazi cha pili ni nondo 200, cha tatu 2,000, cha nne 20,000. Na vizazi vinne kwa majuma matano ni majuma ishirini, hata miezi mitano haijatimia. Ghalani mambo hayaendi sawasawa na ubao, lakini wanafunzi wataelewa kwa nini ghala lililoonekana salama mwezi wa kwanza huweza kujaa vipepeo mwezi wa tano.

Wala si shida ya watu wetu peke yao. Katika Ufaransa lilikuwako jimbo la Angoumois, na huko katika karne ya 18 nondo huyu aliharibu nafaka za wakulima hata jambo likafika kwa wataalamu wa Paris. Mwaka 1760 walipelekwa mabwana wawili, Duhamel du Monceau na Tillet, kuchunguza, na mwaka 1762 kitabu chao kilitoka. Waliona kwamba joto la tanuri huwaua wadudu waliomo ndani ya punje. Hata leo Waingereza humwita kwa jina la jimbo lile. (Na tena, mambo ya dunia hayaishi ajabu: toka miaka ya 1920 wako watu, kwanza huko California, wanaomfuga nondo huyu makusudi, ili mayai yake yalishwe nyigu wadogo mno ambao hupelekwa mashambani kuangamiza mayai ya viwavi wengine.)

Sasa kwa kuwa adui hutoka shambani, vita vyake huanza shambani. Mahindi yaliyokauka yasiachwe kusimama bila sababu. Wakati wa kuvuna, tazama ncha: yale ambayo maganda yake yamefunika ncha vizuri yana ulinzi wake, yale yenye ncha wazi yatengwe yaliwe kwanza, yasiwekwe akiba. Ghala lifagiliwe mpaka pembeni, na mabaki ya mwaka uliopita yaondolewe kabla ya mapya kuingia, maana mabaki hayo ndiyo mbegu ya nondo.

Kupukuchua nako kwasaidia sana. Nondo ni dhaifu, hawezi kujipenyeza kati ya punje zilizoshikamana. Kwa hiyo katika gunia au pipa hushambulia tabaka ya juu tu, lakini katika mahindi yasiyopukuchuliwa hupita kila mahali. Fukusi yeye hupenya, kwa hiyo kupukuchua peke yake hakutoshi. Desturi ya wazee ya kutundika mbegu darini juu ya moto, na ile ya kuchanganya majivu makavu yaliyochungwa, si upuuzi. Chombo kisichopitisha hewa ni bora zaidi, kwa sababu wadudu humaliza hewa iliyomo wakafa, lakini nafaka na ikauke kabisa kwanza, la sivyo itaota ukungu. Kuhusu dawa, mtu amwulize bwana shamba, wala asithubutu kutia dawa ya pamba katika chakula.

Kwa shule, somo hili halihitaji fedha. Twaa hindi moja lenye dalili, utie katika chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ufunge mdomo kwa kitambaa chepesi na kamba. Kila juma toa punje tatu zenye dirisha, uzipasue kwa kisu mbele ya watoto, nao wachore waonacho. Chupa isifunguliwe karibu na ghala la mtu, na kazi ikiisha, mahindi yale yachomwe moto yote pamoja na gunzi lake.