Skoliti, Kidudu Kinachokaa Ndani ya Tunda la Kahawa

Tukiona katundu kadogo kwenye kitovu cha tunda la kahawa, tusiseme si kitu. Ni mlango wa skoliti. Kidudu hiki ni cheusi, jike halifiki hata milimita 2.

Jike linatoboa tunda na kutaga mayai ndani ya punje. Mayai yakipasuka, vitoto vinakula ile punje, na kwa karibu mwezi mmoja vimeshakuwa vikubwa. Dume haliruki: linazaliwa mule, linapanda dada zake, linafia mulemule. Majike ndiyo yanatoka, tayari na mimba, kutafuta matunda mengine.

Sasa mavuno yakiisha, skoliti inaishi wapi? Ndani ya matunda yaliyobaki juu ya mti na yale yaliyoanguka chini. Dawa ya kupuliza haiifikii vizuri mule ndani. Basi tufanye hivi:

1. Tuvune mara kwa mara, tusiache tunda likaukie mtini.
2. Mavuno yakiisha, tuondoe matunda yote, hata meusi na mabichi.
3. Tuokote yaliyo chini.
4. Yenye matundu tuyachemshe ao tuyafukie kwa kina.
5. Tupunguze matawi, kwani kivuli kizito kinaipendeza.

Tufanye wote pamoja. Jike linaruka: mmoja akiacha matunda shambani, jirani yake ndiye anavuna punje zenye matundu, na siku ya kuchagua kahawa kooperative yote inapoteza bei.