Viwanja, Miteremko na Maji: Suala la Nyumba Mjini Morogoro

Mipango ya nyumba mijini kwa kawaida hupimwa kwa hesabu: viwanja vingapi vipimwe, nyumba ngapi zijengwe, na katika muda gani. Hesabu hiyo haitoshi katika mji ambao maji yake hushuka kutoka mlimani, kama ulivyo mji wa Morogoro chini ya Milima ya Uluguru.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 315,866 katika Manispaa ya Morogoro. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 471,409. Tukichukulia kwamba kila kaya ina watu wanne, ongezeko hilo lilihitaji makao mapya yapatayo 39,000, yaani zaidi ya kumi kila siku kwa miaka kumi mfululizo.

Haja hiyo si ngeni. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, lakini ilidhihirika mapema kuwa Serikali haiwezi kumjengea kila mtu. Hivyo katika miaka ya 1970 ulianzishwa, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mpango wa viwanja na huduma: Serikali ilipima viwanja, ikachonga barabara na kuvuta maji, na mwananchi akajijengea mwenyewe. Morogoro uliingizwa katika awamu ya pili, iliyoanza mwaka 1977. Lakini upimaji ukichelewa, mwenye haja hasubiri. Hujenga apatapo nafasi, na mara nyingi nafasi hiyo huwa kando ya mto au kwenye mteremko.

Hapo ndipo hesabu ya pili inapoanza. Mvua ya milimita 20 ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 100, hutoa lita 2,000 za maji. Mapaa elfu moja hutoa lita milioni mbili. Penye miti, sehemu kubwa ya maji hayo ingenyonywa na udongo na kutoka polepole katika chemchemi wakati wa kiangazi. Penye bati na ua uliofagiliwa, maji hutimka mara moja, yakichukua udongo. Udongo unaoporomoka kwenye miteremko ya mto Ngerengere na vijito vyake huishia katika Bwawa la Mindu, lililojengwa katika miaka ya 1980 ili kuupatia mji maji, na kila tabaka la tope hupunguza nafasi ya maji bwawani.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa. Hata hivyo, amri peke yake ina historia mbaya katika milima hii. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi mashambani mwao. Mwaka 1955 yakazuka machafuko, na mpango ukaachwa, ingawa mmomonyoko wenyewe ulikuwa wa kweli.

Kwa hiyo ramani ya mji inapaswa kuonyesha kwanza miteremko na vijito, ndipo viwanja vihesabiwe. Ardhi tambarare ipo upande wa kaskazini, kama vile Kihonda, na msingi wa nyumba huko hugharimu kidogo. Lakini anayelima mchicha bondeni na kuuza sokoni mjini, akihamishiwa huko, hulipa nauli kila siku. Gharama hiyo nayo ni sehemu ya bei ya kiwanja.