Fizikia ya Kuunganisha Santuri Mbili

Muziki wa tekno ulianza mjini Detroit, Marekani, katika miaka ya 1980. Waasisi wake wanaotajwa zaidi ni Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Katika kumbi zake muziki haukatizwi: santuri moja haijaisha, nyingine imekwisha kuingia chini yake. Mchezeshaji akishindwa kuziunganisha, wanaocheza hupoteza hatua na ukumbi hupoa. Hesabu iliyomo katika ustadi huo haimshindi mwanafunzi wa sekondari.

Kwanza ni mwendo. Santuri yenye mapigo 130 kwa dakika na nyingine yenye mapigo 130.5 ni vigumu kuzitofautisha zikipigwa mbalimbali. Zikipigwa pamoja, baada ya dakika moja tu ile ya pili huwa imetangulia kwa nusu pigo, na ngoma zake huangukia katikati ya ngoma za mwenzake. Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili kwa pendulamu mbili, moja ya sentimita 25 na nyingine ya sentimita 27. Zikiachiwa kwa wakati mmoja hutengana polepole, kisha huafikiana tena baada ya ile fupi kubembea mara 26 au 27.

Mashine ya santuri ya Technics SL-1200MK2, iliyotolewa mwaka 1979, ina kitelezi kinachoongeza au kupunguza mwendo hadi asilimia 8. Hapo ndipo tatizo la pili linapozaliwa. Santuri ikizungushwa haraka zaidi, si ngoma peke yake zinazoharakishwa. Kila mtetemo uliomo huongezeka kwa kiasi kile kile. Ili kuutoa mwendo kwenye mapigo 128 na kuufikisha 132, huongezwa asilimia 3.1 hivi. Noti ya hezi 440 hugeuka kuwa ya hezi 453.75, nayo ikikutana na hezi 440 za santuri ya pili, sauti hupanda na kushuka karibu mara 14 kwa sekunde. Sikio husikia mkwaruzo.

Mtu atasema: basi moja iharakishwe kidogo na nyingine ipunguzwe kidogo. Haifai kitu, kwa kuwa uwiano wa 132 kwa 128 unabaki ule ule.

Nusu toni moja ni uwiano wa 1.0595, yaani ongezeko la asilimia 6 hivi. Kwa hiyo santuri ya mapigo 124.6, iliyo chini kwa nusu toni kamili, ikiharakishwa kufikia 132 hulingana na mwenzake kwa mwendo na kwa sauti pia. Toni nzima huhitaji asilimia 12.2, nje ya uwezo wa kitelezi hicho.

Funguo nazo zina ujirani wake. C kubwa na G kubwa zina noti 6 za pamoja kati ya 7, hivyo huchanganyika vizuri. C kubwa na ile iliyo juu yake kwa nusu toni zina noti 2 tu za pamoja, ingawa kwenye kinanda zimekaribiana sana.

Siku hizi kompyuta hubadili mwendo bila kugusa kimo cha sauti, kwa kuikata sauti vipande vidogo na kuvipanga upya vikipandana. Wanaotumia santuri hungoja sehemu yenye ngoma tupu, isiyo na noti dhahiri ya kugombana na nyingine, wakaunganisha hapo.