Kutunza Hati za Kale

Katika nyumba nyingi za pwani zimo hati za wazee: tenzi, nasaba na barua za mashamba, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Utenzi wa Tambuka, unaotajwa kuwa ulitungwa Pate mwaka 1728, umetufikia kwa sababu walikuwako watu walionakili na kutunza karatasi.

Adui za karatasi ni hawa: jua hufifisha wino, unyevu huleta ukungu, mchwa na mende huila. Basi weka hati katika kasha safi, lililoinuliwa juu ya sakafu, mbali na ukuta wenye maji. Ikunjue, uilaze sawasawa, kwani penye kunjo ndipo ikatikapo. Ikilowa, itandaze kivulini penye upepo, wala usiianike juani. Ikipasuka, usiizibe kwa utepe wa gundi, maana gundi hugeuka manjano ikaiharibu, wala haitoki kwa urahisi.

Nawa mikono, ikauke, ndipo uishike. Kisha piga picha kila ukurasa, usome picha, hati yenyewe ipumzike. Shahidi wa shamba akifa, hati husema badala yake. Hati nayo ikiliwa, nani atasema?